Stamili Aliweka Maji

Asubuhi moja ya Oktoba, Stamili alifunga dirisha la upande wa upepo, akatundika kanga iliyoloweshwa kwenye mlango wa sebule, kisha akasukuma beseni la maji mpaka kona ya chumba. Kiangazi cha Newala hukausha nyumba mpaka plasta ikapasuka na watu wakatokwa damu puani, kwa hiyo nyumba nayo hunyweshwa. Masika mambo hugeuka. Kapu la mkaa hukaa chini ya kitanda linyonye unyevu, godoro husogezwa mbali na ukuta, na chumvi hufungwa vizuri isije ikawa uji. Kipupwe, ukungu ukipanda kutoka bondeni, madirisha hayafunguliwi mpaka jua litoke. Majirani walimtania kwamba analea mtoto wa matofali. Yeye alijibu kuwa mtoto huyo angalau halii.

Siku hiyo alikuwa na sababu ya kuihangaikia zaidi. Eda ilikuwa imekwisha, na ukoo wa marehemu mumewe ulikuwa unakuja kuamua nyumba ni ya nani.

Walifika baada ya adhuhuri. Mbele alikuwa Majaliwa, mfanyabiashara wa Masasi na mpwa wa marehemu; kwa mila ya ukoo, mpwa ndiye humrithi mjomba, si mke wala mtoto. Alikuwa kijana mwenye adabu sana, na hapo ndipo palipokuwa na shida, maana huwezi kumgombeza mtu anayekuamkia vizuri hivyo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Karibuni, kaeni."

Mzee Faruku, msemaji wa ukoo, alifungua kikao. Kiwanja ni cha ukoo. Bati alinunua marehemu. Saruji alinunua marehemu. Fundi aliletwa na marehemu. Kila kitu kilipotajwa, vichwa vilitikisika kukubali.

"Na wewe, Mama Awadhi, uliweka nini?"

"Niliweka maji."

Walicheka, wengine mpaka wakakohoa. Kicheko cha ovyo, kwa sababu kila aliyewahi kujenga Newala anajua kuwa bomba hutoa maji likijisikia, na bonde liko chini kabisa ya mteremko. Tofali hunywa, zege hunywa, plasta hunywa. Stamili ndiye aliyeshuka na kupanda na ndoo kichwani, jani likielea juu ili maji yasimwagike, na mimba ya Awadhi tumboni. Waliocheka walimwona kwa macho yao wakati ule.

"Maji yakishakauka ukutani hayaonekani, mama," Majaliwa alisema kwa upole. "Tutayahesabuje?"

Ukuta wa sebule ukaanza kutoka jasho.

Vilianza vitone karibu na dirisha, vikaungana, vikatiririka. Maji yalikuwa ya baridi. Katikati ya mkondo likachomoka jani bichi, likaanguka juu ya kiatu cha Majaliwa. Mzee Faruku alikinga kiganja, akaonja.

"Ya bondeni haya," alisema. "Tena ya zamani, matamu."

"Sasa mmekaa mnatazama nini?" Yasinta, jirani, alipiga kelele kutoka mlangoni. "Leteni ndoo!"

Hapo ndipo raha ilipoanza. Bomba la mtaa lilikuwa kavu tangu mikorosho ichanue, na watu walikuja wakikimbia na ndoo za rangi, madumu, masufuria, hata karai la fundi. Ukuta wa chumbani nao ukafunguka, kisha wa nyuma, uliotoa maji mengi kuliko yote. Vigelegele vikapigwa utadhani ni harusi. Watoto walioga na nguo zao. Majaliwa alikunja suruali, akabeba madumu huku akicheka, na ukoo mzima ukalowa chapachapa. Stamili alikuwa na furaha, akikinga maji kwa viganja.

"Mnayaona?" alipaza sauti. "Yangu haya! Yote yangu!"

"Yako, mama! Yako kabisa!" waliitikia, na hakuna aliyebisha. Aliamini shauri limekwisha, na kwa kweli nani asingeamini?

Madumu yalipojaa, Mzee Faruku aliwarudisha kwenye viti.

"Maji tumeyaona. Mama Awadhi hakusema uongo. Aliyecheka aombe radhi."

Waliomba radhi wote, vizuri kabisa, mmoja baada ya mwingine. Stamili alipokea.

"Basi ni hivi," mzee aliendelea. "Maji ni ya Mama Awadhi. Lakini yamo ukutani, na ukuta ni wa Majaliwa."

Watu walitafakari, wakaona limekaa sawa.

Stamili alihamia kwa dada yake, mwisho wa mtaa. Majaliwa alipachika koki tatu kwenye ukuta wa nyuma, na foleni ikafika barabarani. Ndani, kuta ziliota ukungu wa kijani, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka madirisha.

Maji yalipoisha kwa dada yake, Stamili alichukua ndoo akaenda kupanga foleni. Majaliwa alimwona, akainuka haraka.

"Shikamoo mama. Wewe usisimame juani, pita mbele."

Foleni nzima ilimpisha, na wengi wakasifu malezi ya kijana yule. Ndoo ilijaa. Yasinta alimtwika, na Stamili akayabeba maji yale kwa mara ya pili.