Mgeni wa Kiguu na Njia

Ukoo mzima ulimwita Kiguu na Njia, na siku ile jina lilimkaa barabara. Tangu asubuhi hakuwa ameketi. Alitoka jikoni akaenda uani chini ya turubai, akarudi jikoni, akafunua sufuria ambazo wenzake walikwisha kuzifunua, akapanga upya viti vilivyokwisha kupangwa.

"Dada, umeingiwa na siafu?" aliuliza mdogo wake, aliyekuwa akimenya vitunguu huku machozi yakimtoka. "Kaa hata upumue."

"Nikikaa, nani atafanya kazi?"

"Sisi tusio na mikono."

Alicheka, lakini hakukaa. Simu ilitetemeka mfukoni mwa aproni. Hakuhitaji kuisoma ili ajue. Aliandikiwa "Vipi?" naye akajibu "Bado," kama alivyojibu tangu kulipokucha.

Kila kiangazi, shule zikifungwa, ukoo ulikutana kwa kaka yao mkubwa, mwalimu mkuu mstaafu, mwenye ua wa kumeza watu. Walikuja na mikeka, magodoro na watoto ambao mwaka jana walikuwa tumboni. Walikumbatiana kwanza, ndipo wakaulizana wewe wa nani. Kaka mkubwa ndiye aliyejibu maswali hayo yote. "Damu hii naijua," alipenda kusema. "Hata ukinifumba macho, nitakutambua kwa kikohozi."

Kiguu na Njia alikuwa fundi cherehani. Mumewe alifariki mtoto wao wa pekee angali akitambaa, naye akamlea kwa mguu wa cherehani mpaka kijana akawa mwuguzi. Kwa miaka mingi hakuna aliyemwuliza habari za moyo wake, na hakuwa na la kuwajibu. Mwaka huu alikuwa nalo. Mkabala na kibanda chake palikuwa na fundi saa, naye amefiwa na mkewe. Mwanzo alileta suruali za kupunguzwa. Kisha akaleta suruali zisizohitaji kupunguzwa. Mwishowe akawa anakuja bila suruali, yaani ya kupunguzwa, akikaa tu kwenye benchi na kuzungumza mpaka jua lishuke.

Walikubaliana hivi: mama amwambie mwanawe kwanza, halafu kaka mkubwa, kisha apige simu. Fundi saa angengoja kwenye mgahawa wa pale kona, amevaa shati lililonyooshwa, aje kujulishwa kwa heshima. Kusema ni rahisi. Kila alipomkaribia mwanawe, alimkuta ukumbini akiwapima wazee presha, foleni imefika mlangoni.

"Mwanangu, nina neno."

"Nakusikiliza, mama."

Alitazama lile paji la uso, paji la marehemu mumewe lilelile. "Umekula?"

"Bado."

"Haya, ule." Akaondoka mbiombio, kana kwamba kuna kinachoungua.

Chakula kilipopakuliwa, alitoka na sinia la matunda. Hatua chache tu akasimama, nusura limponyoke. Chini ya turubai, katikati ya kaka mkubwa na wazee wengine, fundi saa alikuwa ameketi na sahani ya wali iliyojaa mlima.

"Nilikujua palepale getini!" kaka mkubwa alikuwa akimwambia, mkono begani mwake. "Wewe ni wa marehemu shangazi, yule aliyeolewa mbali. Sura haijifichi. Nimekubeba mgongoni wewe, hukumbuki tu."

"Naam, mzee," alisema fundi saa, akitazama sahani.

Kiguu na Njia alijifanya anamwongezea matunda, akamwinamia. "Umefanya nini?"

"Kule mgahawani wamefagia mpaka chini ya miguu yangu. Nimekuja kuchungulia tu, bibi mmoja akanivuta ndani. Nimejaribu kusema mara mbili, kila nikifungua mdomo natiwa nyama."

"Toka, nitakuita."

"Nitatokaje? Nimeshapewa ukoo."

Alizunguka ua mzima akitafuta la kufanya, asilipate. Na kabla hajalipata, kaka mkubwa alipiga makofi: picha! Akawapanga kwa matawi, watoto wa huyu hapa, wajukuu wa yule pale, na fundi saa akamsukumia kando ya Kiguu na Njia. "Mtoto wa shangazi, simama hapa na binamu yako."

Mwuguzi ndiye aliyekuwa na simu ya kupigia picha. Aliinua, akashusha.

"Mjomba, huyu si fundi saa wa pale kwa mama?"

"Fundi saa hana shangazi?" alijibu mjomba, watu wakaangua kicheko.

Kiguu na Njia hakucheka. "Kaka," alisema, "huyu si mtoto wa shangazi. Hana damu yetu hata tone. Ni mchumba wangu."

Kicheko kilikatika. Mwuguzi alimpa mama yake mdogo ile simu, akazunguka nyuma ya nyumba.

Mama alimfuata. Alimkuta kwenye tangi la maji akinawa mikono isiyo na uchafu.

"Nilitaka kukwambia tangu asubuhi."

"Nilikuwa najua, mama. Umepeleka saa yangu kwa fundi mara ngapi? Haijawahi kuharibika."

Mama alikung'uta aproni yake.

"Kilichoniuma si yeye," alisema mwuguzi. "Umeniogopa. Mimi, mwanao. Nimesikia pamoja na watu wa mbali ambao hata majina yao siyajui."

"Nilikuwa nikikutazama namwona baba yako."

"Mimi si baba." Alifunga bomba. "Sijui nitamwitaje. Leo usinitake nimshike mkono na kucheka, mama. Sitaweza."

"Sikutaki hivyo."

Waliporudi, watu walikuwa wangali wamesimama kwenye mistari, wakinong'ona. Fundi saa alikuwa amejitenga pembeni, shati limemlowa jasho. Kaka mkubwa alimkabili, uso umemkunjamana.

"Kwa hiyo sikukubeba mgongoni."

"Hapana, mzee. Lakini nilifurahi kubebwa."

Kaka mkubwa alijizuia, mdomo ukamcheza, kisha kicheko kikamtoka puani. "Mgeni hukaa mwisho wa mstari," alisema. "Mengine tutazungumza tukiwa tumekaa, si hivi, kama watu waliokutana sokoni."

Mwuguzi alichukua simu yake, akapiga picha bila kutabasamu, mara moja tu. Watu wakatawanyika wakizungumza wote kwa pamoja. Alipokuwa akirudi ukumbini alipita mbele ya fundi saa, akapunguza mwendo.

"Shikamoo," alisema, akitazama chini.

"Marahaba," alijibu fundi saa.

Kijana hakungoja zaidi. Wazee walikuwa wakimwita. Mama yake alimsindikiza kwa macho, asijue kama salamu ile ni mlango uliofunguliwa au ni adabu tu aliyomfunza mwenyewe. Alitaka kumfuata akamwulize. Badala yake alivuta kiti, akamwashiria fundi saa akae, kisha akavuta kingine kando yake. Ukoo mzima ukawatazama.