Inchi Mbili za Kunywea

Kwa miaka tisa Mikate, jina alilopewa kwa kazi yake, alisambaza mikate kwa pikipiki, na kwa miaka tisa usukani wa pikipiki hiyo ulikuwa chini na mbali, umetengenezwa kwa ajili ya kijana mwenye haraka na asiye na tumbo. Mikate hakuwa kijana, na tumbo alikuwa nalo. Ilimbidi aulalie kama mtu anayechungulia kisima. Akifika dukani na kushuka, mgongo unabaki vilevile, umepinda, naye anasimama pale akitazama chini mpaka unyooke wenyewe. Wenye maduka, watu wema, hudhani ameangusha kitu, wakainama naye kutafuta. Kila duka dakika kumi.

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame," mama mwenye kiwanda cha mikate alimwambia Ijumaa moja, "lakini si mpaka mikate ipoe. Jumatatu ukichelewa tena, kazi yako nampa mwenye gari."

"Mama, nimeinama miaka tisa na hicho cha mvunguni sijakiona."

Mikate akarudi nyumbani roho mkononi. Mke wake alikuwa fundi cherehani, na siku nyingi alishasema kwamba mgongo ukikataa pikipiki, kuna kiti kinamsubiri mumewe karibu na dirisha, kazi ya kushona vifungo. Mikate alimpenda mkewe kupita kiasi. Vifungo hakuvipenda hata kidogo.

"Basi tuunyanyue huo usukani," mke akasema, akivuta futi yake kutoka shingoni. "Kaa hapo nikupime. Mikono, mabega, na tumbo pia, lisije likagombana na chuma."

Sasa, mwanamume akiona futi hubadilika. Mikate, ambaye asubuhi ile alishuka kitandani kwa awamu, alinyooka kama mlingoti, akabana tumbo, akatoa kifua, akashika usukani wa hewani mahali ambapo mfalme angeushika. Mke akapima na kuandika kwenye kikaratasi. Mkono wake, uliozoea vitambaa miaka ishirini, ukaongeza inchi mbili bila kumwuliza mwenyewe.

Cheche, mchomeleaji wa mtaa wa nyuma, hakuwa mtu wa maswali. Alisoma karatasi, akakata bomba, akachomelea, akapaka rangi nyeusi. Jumamosi asubuhi Mikate akapanda. Mikono ilifika usawa wa masikio.

"Mbona kama umekamatwa?" jirani akauliza.

"Ndiyo mtindo wa sasa," Mikate akajibu, maana mbele ya jirani mtu hakiri.

Barabara iliyonyooka aliimudu. Shida ilikuwa kona. Waya wa mafuta ulikuwa wa urefu uleule wa zamani, sasa umekaza kama kamba ya kuanikia nguo, na kila alipokata kushoto ulijivuta wenyewe na injini ikapiga kelele. Lango la kiwanda lilikuwa kushoto. Mikate aliingia kwa mwendo ambao hakuuomba, mikono juu, akaipita mizani, akampita mlinzi, akaishia kwenye magunia ya unga. Mama mwenye kiwanda alitoka akamkuta mweupe kuanzia nyusi.

"Jumatatu," alisema. "Na uje na rangi yako."

Cheche ndiye aliyemsaidia kuisukuma pikipiki mpaka nyumbani. "Mimi nimekata kama karatasi inavyosema," alijitetea mlangoni.

Mke akaisoma ile karatasi, akashika mdomo. "Jamani! Nimeweka mbili za kunywea, kama kitambaa kikifuliwa."

"Chuma hakinywei, shemeji."

"Nipime tena," Mikate akasema, na papo hapo akanyooka, tumbo likapotea. Mkewe alipatazama pale tumbo lilipokuwa, kisha akairudisha futi shingoni.

"Acha. Nichambulie mchele."

Mikate akaketi na sinia mapajani, moyo umemzama. Ndiyo hivyo, aliwaza, leo mchele, kesho vifungo. Lakini mchele una mawe, na mawe yanataka macho. Punde alisahau huzuni, akasahau tumbo, mgongo ukakaa unavyotaka, viwiko vikalegea, akaanza hata kupiga mluzi. Hakuona uzi uliopitishwa nyuma yake, toka bega hadi mkono. Alipochungulia dirishani baadaye, mkewe alikuwa anaitoa pikipiki nje, anaisukuma peke yake.

Anakwenda kuiuza, aliwaza. Mikate aliuchambua mchele uleule mara tatu.

Jioni pikipiki ilirudi kutoka kwa Cheche na waya mpya, usukani umeshushwa kidogo na kuvutwa nyuma.

"Panda," mke akasema.

Alipanda. Mikono ilishuka ikatua mahali pake, kama ilivyokuwa juu ya sinia, na mgongo ukanyamaza. Machozi yakamlenga, wala hakuona haya.

"Ulinipima saa ngapi?"

"Ulipokuwa hujui. Mteja akijua anapimwa, nampima mtu mwingine."

Jumatatu alimaliza maduka yote mikate ikiwa bado ya moto. Kwenye duka la kwanza alishuka akasimama wima. Mwenye duka, kwa mazoea, alikuwa ameshainama anatafuta.

Jioni mke alikuwa na nguo za kumpelekea mteja. Akapanda nyuma, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, maana zamani hapakuwa na kiuno cha kushika, palikuwa na mgongo tu. Akamzungushia mumewe mikono. Mikono ile haikuhitaji futi.

"Inchi arobaini na nne," akasema. "Na Ijumaa ulikuwa arobaini kamili."

Mikate akawasha pikipiki.

"Hizo nne ni za kunywea," akasema, akakata kushoto, taratibu.