Chembe ya Moyo

Magdalena alikufa bila kumwona binti yake, na aliyemzuia binti asije ni mumewe mwenyewe, Elisaria.

Mwaka huo wa elfu mbili Penina, binti yao, alikuwa Geneva. Huko, kwenye mtambo uliojengwa ndani ya handaki refu chini ya ardhi, wataalamu waligonganisha chembe ndogo kupita vumbi, kisha wakachambua mabaki wakitafuta chembe mpya ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Elisaria, mkulima wa kahawa Meru, hakuielewa kazi hiyo, lakini kila mnunuzi binafsi aliyefika na mizani yake aliisikia kabla hajapima gunia.

"Anatafuta chembe?" jirani yake Lerionka alimtania. "Kuku wangu anazitafuta kutwa, na hakupanda ndege."

Oktoba daktari alimvuta Elisaria pembeni: mkewe ana uvimbe tumboni, na wameshachelewa kuutibu. Jumapili, baada ya ibada, wakateremka Njiro kwa Ephraimu, kaka yake Magdalena, mwenye simu, wampigie Penina.

"Shikamoo, mama!"

"Marahaba. Mwanangu, chembe inanisumbua. Hainipi usingizi."

Alimaanisha chembe ya moyo, pale chini ya kifua. Penina akaangua kicheko, hata Elisaria akakisikia.

"Hata sisi inatusumbua, mama! Tumeona dalili zake, hazijatosha, na mtambo unazimwa Novemba. Hatulali!"

Magdalena akamsogezea mumewe simu. "Mweleze wewe."

"Baba, mama anatania au anaumwa? Nije?"

Neno moja lingetosha. Lakini Elisaria alishajiwazia chembe imepatikana na jina la ukoo wake linasomwa redioni.

"Anakutania," akasema. "Maliza kazi, mwanangu."

Njiani Magdalena hakumgombeza. "Basi utamwambia Jumapili ijayo," alisema.

Hakumwambia.

Novemba mtambo ukazimwa. Dalili zilibaki dalili. Kabla mwezi haujaisha, Magdalena naye akaondoka. Penina aliwahi mazishi tu. Udongo ulipokwisha kurudishwa, pale migombani, akamsogelea baba yake.

"Siku ile alikuwa anatania?"

"Hapana."

Penina akageuka, akamfuata mjomba wake. Siku hizi akipiga simu Njiro huongea na mjomba wake, kisha hukata.

Elisaria alikuwa na mke na binti. Mke yuko migombani. Binti yuko Geneva, hamsemeshi. Na chembe yenyewe haikupatikana mwaka ule.