Tawi la Korongoni

"Wivu? Mimi?" Mwewe aliwacheka waongozaji wenzake mpaka kofia ikamdondoka. "Wivu ni wa watu wasioona mbali. Mimi naona sikio la simba kilomita mbili!"

Huo ulikuwa uongo wake wa kwanza siku hiyo, na jua lenyewe lilikuwa halijachomoza.

Miaka ishirini na sita ya kuongoza watalii ndiyo iliyompa Mwewe jina hilo, kwa sababu ya macho yake. Macho hayo sasa yalikuwa yameganda kwenye gari la pili. Shemeji yake, binti aliye mdogo wa mkewe, alikuwa akifuta kioo huku wageni wakivunjika mbavu kwa vichekesho vyake. Na kazi hiyo ni yeye Mwewe aliyemfundisha! Leo mchana meneja angetaja mkuu mpya wa waongozaji, na kambi nzima ilimtaja shemeji. Hata mkewe Mwewe, mtu anayekula naye sahani moja, alisema jana, "Mdogo wangu cheo kitamkaa." Mwewe hakummeza vizuri yule kuku wa jana.

"Shemeji, mbona kofia kubwa hivyo?" binti huyo alimtania.

"Naficha akili, wasije wakaniibia."

"Kwa hizo hata kizibo cha chupa kingetosha!"

Saa moja asubuhi, kwenye mchanga wa korongo kavu, Mwewe akaona nyayo za chui, mbichi kabisa. Desturi ya waongozaji ni moja: ukiona nyayo, tangaza redioni, wenzako nao wapate. Redio ikakoroma: "Shemeji, huko korongoni vipi?"

Mwewe akageuka. Wageni wake walikuwa nyuma ya gari wakinywa kahawa. Akavunja tawi, akarudi kinyumenyume akifagia mchanga kama mke aliyesikia mama mkwe yuko mlangoni. Ndipo akajibu, "Huku hakuna hata unyayo wa panya."

Alimsaka chui kwa saa tatu nzima bila kuwaita wenzake, akapata vumbi. Shemeji alisikia tumbili wakipiga kelele za hatari upande wa miamba, akafuata, akamkuta chui kajilaza mtini. Papo hapo akatangaza: "Shemeji, njoo upesi, wageni wako wasikose!"

Wema huo ulimuuma kuliko tusi.

Mchana, meneja aliposimama tu mezani, Mwewe akamuwahi. "Ile bahati tu, bosi. Chui hakupita korongoni. Nilikagua kwa macho yangu haya."

Mgeni wake mmoja, bibi mwalimu mstaafu aliyejifunza Kiswahili zamani, akatoa kamera yake.

"Mimi nilipenda zaidi desturi yenu ya korongoni," alisema, akimpa shemeji aone. "Kumbe chui akipita, mnamfutia nyayo kwa tawi? Ni heshima?"

Meza nzima ikainamia kamera. Pichani kulikuwa na makalio ya Mwewe, tawi, na nyayo nne ambazo tawi lilikuwa halijazifikia.

Shemeji aliitazama, akaitazama tena.

"Shemeji," akasema taratibu, "kona hii hujafagia."