Kiboko wa Mama Alal

Akwero alikuwa ameanza kuamini kwamba siku Mungu alipogawa vipaji, yeye alikuwa kwenye foleni ya sukari. Hadithi yake ya watoto ilikuwa imekataliwa mara tatu na Mzee Dawudi, mwenye kiwanda kidogo cha kuchapa vitabu pale Wandegeya, na jibu lilikuwa lile lile: haina ladha. Haina ladha! Hadithi ambayo watoto wa fleti za Bugolobi walimganda ngazini awarudie, wengine wakicheka mpaka wanajikojolea!

"Labda wanacheka uso wangu tu," alimwambia mumewe. "Kalamu naiacha."

"Usiache, Mama Alal," Ojara alijibu, akikwepa macho yake. "Andika nyingine. Ya sungura, kwa mfano."

Ojara alikuwa sajini wa polisi. Kazi yake ilikuwa kuandika maelezo ya mashahidi, na taipu aliipiga kwa vidole viwili kama kuku anayedonoa mtama. Ndiye aliyekuwa akiichapa hadithi ya mkewe saa za chakula, akaipeleka Wandegeya mwenyewe, akarudi na jibu. Mume gani mwingine angejisumbua hivyo? Akwero alimpenda kwa hilo peke yake, achilia mbali mengine.

Lakini moyo haukutulia. Siku moja Ojara akiwa zamu, Akwero alifunga kitambaa kichwani akaenda kusikia kwa masikio yake.

"Nyabo, kaa, mama," Mzee Dawudi alisema kwa upole, akavaa miwani akasoma. "'Mnamo asubuhi mnyama mmoja, jinsia ya kiume, alionekana kando ya mto. Alihojiwa. Alisema hajui lolote. Akaachiliwa.' Sasa mtoto acheke wapi hapo?"

Akwero alishika meza. Ala! Kiboko wake yuko wapi? Yule mnene, aliyejipachika maganda ya konokono kifuani, anayelamba sukari ya kijiji kizima kisha anawasingizia sisimizi?

Alirudi Bugolobi kwa miguu, maana hasira aliyokuwa nayo isingeenea kwenye basi. Jioni Ojara alipoingia, hata kofia hajavua, akakutana nayo.

"Nani alikutuma unifutie kiboko wangu?"

Ojara alifunga mlango. Akafunga na dirisha. Akafungulia redio, ndipo akasema kwa sauti ya chini. "Mke wangu, hebu fikiri. Mnene. Medali kifua kizima. Sukari ya watu wote imeishia tumboni mwake. Na sisi ni Waacholi. Unajua wenzangu wangapi waliitwa nje mara moja tu, na viti vyao viko wazi mpaka leo? Mtu akisoma, atasema kiboko huyo ni nani kama si Rais mwenyewe?"

Hilo Akwero hakuwa amelifikiria hata kidogo. Akaogopa, tena sana. Kisha, Mungu amsamehe, kicheko kikaanza kumpanda.

"Ojara. Kiboko ni wewe."

"Mimi?"

"Nani anakoroma mpaka sufuria zinatikisika? Nani alilamba sukari ya mtoto wetu Alal akawasingizia sisimizi? Nani anavaa medali ya gwaride kwenda kununua ndizi?"

Sajini alijitazama tumbo. "Yaani miezi yote hii nilikuwa najifuta mwenyewe?" Akacheka mpaka akakaa sakafuni, akashika tumbo lile lile la kwenye hadithi. Kisha kicheko kikamkauka. "Nilikuona unalia, nikanyamaza. Nikakuacha uamini huna kipaji. Nisamehe, Akwero. Nilitaka uwe hai, basi."

"Ungeniambia."

"Ungeacha?"

"Nisingeacha."

"Ndiyo maana sikukuambia."

Akwero akaketi pale pale sakafuni, bega kwa bega naye.

"Basi tumfanye kiboko ambaye hakuna atakayemdhania mkubwa yeyote," alisema Akwero. "Anamwogopa mkewe. Anafua nepi. Akikosea, anaomba radhi."

Ojara alilipima neno hilo. "Kuomba radhi," akasema, "hapo tumepona."

Akaichapa upya, neno kwa neno, Akwero akimsomea, na kila alipopunguza mwendo aliambiwa, "Chapa, kiboko!" Wakaipeleka Wandegeya wote wawili.

Mzee Dawudi alisoma ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Uso haukubadilika. Akavua miwani. Akainuka, akafunga mlango wa ofisi.

"Huyu kiboko," alisema polepole, "namjua."

Chini ya meza, Akwero aliushika mkono wa Ojara kwa nguvu.

"Nataka kujua kitu kimoja tu." Mzee aliwainamia, akanong'ona. "Nani kawaambia mambo ya nyumbani kwangu? Ila mimi nilisingizia panya."

Akaangua kicheko, kile kile cha watoto wa ngazini, miwani ikamponyoka, akawa anapangusa macho kwa shati. "Karatasi ikipatikana tu, nyabo, huyu anaingia mashineni!" Na Akwero, aliyetaka kuiacha kalamu, akaficha uso kwenye bega la kiboko wake, akalia.