Futari ya Perege

Eufrazia alimpasua perege mwingine, akaufungua utumbo, akakuta magimbi. Akaweka kisu chini taratibu. Angekitupa kingevunja kitu, na maabara ya chuo haikuwa na cha kuvunja.

Alichokitafuta kilikuwa rahisi kukieleza. Samaki akila, mwili wake hutoa kemikali inayouambia utumbo: mzigo umefika, pokea. Eufrazia alitaka kujua ishara hiyo huufanya utumbo upitishe protini zaidi kwa kiasi gani. Alikuwa akiloweka kipande kimoja cha utumbo kwenye kemikali hiyo ya ishara, kingine kwenye maji ya chumvi, kisha analinganisha. Lakini samaki aliyeshiba ameshapewa ishara na mwili wake mwenyewe, na vipande vyote viwili vikawa vinajibu sawasawa. Sasa kichupa cha kemikali hiyo, kilichotoka ng'ambo, kilibakiwa na ya kutosha jaribio moja tu.

Akadandia lori la kijiji mpaka Mlali. Mabomba ya chuo yalikuwa yamekauka, ndiyo maana perege walitunzwa na Mwaisha, mama wa kijijini hapo, kwenye birika la saruji uani kwake, ulikopita mfereji wa kutoka mlimani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona umenuna kama uliyelamba shubiri?"

"Mama, nilisema samaki wasile siku mbili. Mchana na usiku."

"Ulisema. Nilisikia."

"Sasa magimbi yametoka wapi?"

Mwaisha aliendelea kukuna nazi. "Chunguni kwangu."

Mumewe, Salehe, alicheka mpaka kofia ikamwinamia usoni. "Mwalimu, samaki wako wanafuturu kabla yangu! Mwenye nyumba nasubiri, wao wanapelekewa."

"Adhana ikilia nakaa hapa na sahani yangu," Mwaisha alisema. "Wao wananitazama. Nitafuturuje, na mwenye njaa yumo uani kwangu? Kwenu mnaweza?"

"Ni samaki, mama!"

"Kwani nimesema ni mbuzi?"

Eufrazia alishusha pumzi, akaeleza upya: kijiji kikijua utumbo unavyopokea chakula, kitafuga samaki wengi kwa mashudu machache. Mwaisha aliitikia kila neno. Ndilo lililomchosha Eufrazia. Mara iliyopita pia aliitikia kila neno. Basi akaamua kubaki, alinde birika mwenyewe.

Magharibi ilipoadhiniwa, Mwaisha akamtengea sahani mkekani, kando ya birika, akaondoka. Magimbi ya nazi, yanafuka moshi. Eufrazia hakuwa amefunga, ila tangu asubuhi hakuwa ametia kitu kinywani. Akamega.

Maji yakatikisika. Perege wote walikuja juu, vinywa wazi, wamejipanga ukingoni pale pale alipokaa. Saa hiyo walishaizoea. Akageukia upande, akameza tonge, akamega jingine. Alipojitambua, mkono wake ulikuwa juu ya maji na kipande cha gimbi vidoleni.

Akaurudisha haraka.

"Mnanitakia nini nyie?" akawafokea.

Wakazidi kufungua vinywa.

Akainuka na sahani yake, akazunguka nyuma ya jiko. Mwaisha na Salehe walikuwa wameshakaa huko, birika wamelipa mgongo, wanakula. Mwaisha akasogea kidogo, akampa nafasi.

"Karibu, mwalimu," Salehe alisema. "Huku hawatuoni."