Mzee wa Tumbo wa Mama Mariette

Kwa heshima zote, isemwe kwanza kwamba yule mzee hakuomba kuletwa Butembo. Alikuja ndani ya kontena la vitenge na masufuria, kutoka Bangkok hadi Mombasa, kutoka Mombasa hadi Kasindi mpakani, sanamu iliyofungwa magazeti, kipara kikimeta, tumbo wazi, anacheka. Muuzaji wa kule alimwongeza juu ya mzigo kama matabishi. Mama Mariette, ambaye hajawahi kukataa cha bure, alimweka kwenye kaunta ya duka lake la Bulengera na kuendelea na kazi.

Yaliyofuata yote yalimhusu Zorobabel, mtoto wa dada yake, mwanafunzi wa bweni aliyejua kudanganya kwa sauti ya kusoma Injili. Jumamosi moja alikuja kula ugali wa mama yake mdogo, na mteja akamuuliza yule mwenye tumbo ni nani.

"Ni Buddha," akajibu, mikono kifuani. "Kule kwa Bachina, mutu hapatani bei bila kumupapasa tumbo kwanza. Ukipapasa, bei inashuka."

Mwaka ule vita vilikuwa vimefunga njia, chumvi imepanda, sabuni imepanda, na watu walikuwa tayari kupapasa chochote. Kufikia Pasaka tumbo la mzee liling'aa kuliko kipara chake.

Halafu maneno yakafika parokiani. Mama Mariette alikuwa rais wa akina mama Wakatoliki. Tangu mume wake aende Kisangani na vita kufunga njia nyuma yake, kazi hiyo ndiyo iliyomtoa kitandani siku za Jumapili. Sasa ilisemwa anaabudu fetishi. Paroko, Abbé Abdias, alimwita: Jumapili baada ya misa akina mama wangechagua rais mwingine, isipokuwa mtu amweleze wazi kile kitu ni nini.

"Donc, ni kitu gani?" Mama Mariette akamuuliza kijana.

"Sijui, mama mudogo."

"Ulijua ya kutosha kwa kudanganya batu."

Kweli hakujua, na kwa mara ya kwanza kutojua kulimwasha. Katika kamusi ya Kifaransa ya shule Buddha alipewa mistari michache. Chini yake kidogo *boudin*, soseji ya damu, ilipewa nafasi kubwa zaidi.

Ijumaa Mama Mariette alimtia mzee kwenye mfuko na Zorobabel kwenye lori la Beni. Huko binamu yao Élise alikuwa mkalimani wa wanajeshi waangalizi wa Umoja wa Mataifa, na mmoja wao, ilisemekana, alitoka nchi ya Wabuddha.

Kwenye kizuizi, askari alifungua mfuko. Akatazama.

"Ndiye huyu wa Butembo?"

Akamvuta mzee nje, akafumba macho na kumpapasa tumbo polepole. "Mushahara," akanong'ona.

Zorobabel, aliyekuwa ametamani mizaha yake ifike walau benchi za mwisho za chumba cha kulia cha bweni, hakucheka.

Kapteni Ranasinghe wa Sri Lanka, mwembamba kama mshumaa, ndiye aliyecheka, mpaka kofia ikamteremkia machoni.

"Anasema huyu hapana Buddha," Élise akatafsiri. "Ni mutawa wa China. Alitembea na gunia, akagawia batoto vitu. Bachina bengi banasema ni Buddha mwenye atakuja. Buddha mwenyewe ni mutu wa zamani sana, wa upande wa India na Nepal."

"Basi ni mungu wao?"

"Hapana. Ni mutu aliyeamuka."

Kapteni akaeleza, na Zorobabel akasahau njaa. Buddha alikuwa mwana wa mfalme, akafichwa uzee, ugonjwa na kifo, mpaka siku alipotoka nje akaviona vyote.

"Hapa angeviona mulangoni," Zorobabel akasema. Élise alitafsiri; Kapteni akaitikia kwa kichwa bila kucheka.

Yule mwana wa mfalme akawaacha mke na mtoto wamelala, akaenda kutafuta dawa ya mateso. Akafunga kula hadi tumbo likagusa mgongo, asipate kitu. Akala, akaketi chini ya mti hadi akaelewa: maisha yana mateso, mzizi wa mateso ni kutaka na kung'ang'ania, mzizi huo unang'oka, na njia ya kuung'oa ipo, ya kuona sawa, kusema sawa, kutenda sawa, kutuliza moyo.

"Kusema sawa, hata kwa muchezo?"

Kapteni akautazama mfuko.

"Alipokufa, banafunzi bakaachana njia," Élise akaendelea. "Kwao na Thailande banashika mafundisho ya bazee ba kwanza. Benye baliendea China na Japani banasema inafaa gari kubwa, ya kubeba batu bote."

"Camion."

"Ya Kasindi kabisa. Na ba Tibet bako mule mule, mais na sala zao na balimu bao ba pekee."

"Na kuua?"

"Inakatazwa."

"Na yeye si mwanajeshi?"

Élise alisita kabla ya kutafsiri. Kapteni akavua kofia; kwao pia vita vilikuwa vimekula watu. "Anasema swali iko nayo. Anatembea nayo kila siku."

Zorobabel akaomba basi aruhusiwe kusema ni pambo tu. Aseme hivyo akitaka, Kapteni akajibu, ila ajue kuna watu wanaomchomea mzee yule ubani kwa moyo wote.

Jumapili alisimama mbele ya akina mama na sauti yake ya Injili. Akaiweka kando.

"Ile ya tumbo nilitunga mimi," akasema.

Mama mmoja wa nyuma akainuka: "Mais kwangu bei ilishuka."

Akaeleza yote, na ubani pia. Abbé Abdias alisikiliza, kidevu mkononi.

"Mama Mariette anabaki," akasema mwishoni. "Na wewe, kila Jumamosi utasimama kwenye kaunta, mpaka kila aliyesikia ile ya tumbo asikie hii."

Jioni, dukani, Mama Mariette alimrudisha mzee mahali pake.

"Yule bibi aliyeachwa amelala. Jina yake nani?"

"Yasodhara."

"Bwana alirudia kwabo?"

"Alirudi, baada ya miaka mingi. Hakukaa. Mais alirudi kubaona."

Mama Mariette alitazama nje, upande wa Kisangani, akakunja kitenge, ncha kwa ncha, akakikunjua, akakikunja tena.

"Alirudi," akasema. "Bon. Fungia mulango, twende tukakule."